Hatuendi kwa Watu Mikono Mitupu

Mama yangu alisema ana mimba. Alisema hivyo kwa miezi mingi, akijipapasa tumbo juu ya kanga, na kila aliyemsikia alicheka, kwa sababu baba alikuwa amelala kwenye kaburi lake kando ya migomba tangu nikiwa shule ya msingi, na mama mwenyewe nusu ya kijiji walikwisha kumwita bibi. "Mimba ya safari hii nzito," alikuwa akisema akiinuka kwenye kigoda. "Nadhani ni wa kiume. Ana viwiko." Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya mfereji wetu, alimjibu kwamba kama ni wa kiume basi tumwombe Mungu asifanane na kaka yake, maana jiko hilo halitoshi wanaume wawili.

Kaka mtu ni mimi.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wakikaa nyumbani kutwa nzima wanaota ukurutu. Mimi huota nikitoka. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kupima kahawa kwenye ghala la chama cha ushirika, kazi niliyoipenda kwa sababu kutoka mlangoni kwake niliweza kuona moshi wa jiko letu. Kisha ikaja ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda mlima na pikapu zao, wananunua kahawa barabarani, na ghala likawa na panya wengi kuliko magunia, hadi siku moja tukakuta kufuli. Wenzangu wakasambaa. Mmoja alienda Mererani kuchimba mawe, mwingine akauza mitumba mjini, wengine wakapata vibarua kwenye mashamba ya maua Usa River. Mimi nikarudi nyumbani. Miguu yangu haikujua njia nyingine.

Kwa hiyo niliyaona maisha ya ruksa kutokea dirishani, lakini niliyaona. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, sasa sabuni ilikuwa Tengeru sokoni mpaka inatolewa bure kipande ukinunua mche. Jirani yetu wa juu, aliyekuwa na lori, alijenga nyumba ya vigae na kufunga geti, jambo ambalo hatukulielewa, maana ng'ombe wake walikuwa nje ya geti. Sabuni ilirudi, na matibabu ya bure yakaondoka, kana kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kulala nyumba moja. Redio ilituambia kwamba sasa wananchi tutachangia gharama. Neno kuchangia sisi tulilijua. Unamchangia jirani harusi, unamchangia aliyefiwa. Mtu kujichangia yeye mwenyewe apasuliwe tumbo, hilo halikuwa na mfano kijijini kwetu.

Mimba ya mama ilipoanza kumzuia kuinama, nikamlazimisha twende hospitali ya mjini. Alikubali kwa sharti kwamba tutarudi mapema, na sharti hilo lilikuwa langu pia. Daktari alimbonyeza, akamlaza ubavu, akambonyeza tena, akaacha kuongea na mama akaanza kuongea na mimi. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema ni uvimbe, utolewe, na tusikawie, kwa sababu hajui ni wa aina gani mpaka autoe. Kisha akataja mchango wetu.

Alipoutaja nilimwona ng'ombe wetu akitoka zizini. Hatukuwa na kingine. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa sukari yetu, chumvi yetu na mafuta ya taa. Samadi yake ndiyo iliyokuwa ikiishikilia migomba, na mibuni yetu kwa bei ile ya kahawa ilikuwa pambo. Na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kweli. Tukimuuza, mama atapona kisha arudi nyumbani afe njaa akiwa na afya nzuri.

Nesi mmoja aliyeuona uso wangu akanivuta pembeni. Akaniambia wasiojiweza wana msamaha. Niende na mgonjwa ofisi ya ustawi wa jamii, ile ya mwisho ukipita chumba cha kufulia, tujieleze.

Sasa hapa inabidi msomaji atujue sisi wa mlimani. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Ukienda kuomba shauri, unabeba kitu. Ukienda kuomba radhi, unabeba kitu. Hata ukienda kumdai mtu, unambebea kitu kidogo, ili deni lisione aibu. Kwa hiyo siku ya kwenda ustawi mama aliamka kabla ya jogoo, akapita shambani na panga, nikasikia mkungu ukianguka. Ulikuwa wa mshare, ndizi zetu za kupika, umekomaa, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Akavaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kanisani. Mimi nikakamua, nikajaza galoni ya maziwa, nikavaa shati nililofanyia mtihani wa taifa, ambalo bado lilinitosha kwa sababu tangu hapo sikuwa nimefanya lolote la kunikuza.

"Mama," nilisema, "tunaenda kusema hatuna."

"Hatuna hela," mama akanisahihisha. "Nani kasema hatuna ndizi?"

Nikauinua mkungu begani. 

Nje ya ile ofisi palikuwa na benchi, na kwenye benchi mzee mmoja peku, mwenye koti lililochanika begani. Mama akamwamkia shikamoo kwa adabu. Mzee akaitikia, akautazama mkungu mabegani mwangu, akatikisa kichwa.

"Kijana, mmekuja kuuza au mmekuja kuomba?"

"Kuomba, mzee."

"Basi ficha huo. Huku ndani wanamtafuta maskini. Mimi viatu vyangu nimemwachia mama wa chai pale getini, pamoja na saa. Na koti hili ni la mlinzi wa kwetu."

Mama alijikunja kwa fedheha, si ya kwake, ya yule mzee. Akaninong'oneza nisimsikilize, mtu aliyezeeka akaficha viatu vyake hawezi kumshauri mtu. Tukaitwa.

Afisa alikuwa dada mdogo kuliko mimi, amechoka, sweta limefungwa vifungo vyote. Alikuwa na dawati, viti viwili na kalenda ya mwaka uliopita. Mama alimwita mwanangu, akamuuliza habari za nyumbani kwao, za wazazi, za watoto. Dada akajibu zote nzuri huku akiutazama mkungu niliouegemeza ukutani.

"Ndizi za kununua hizi, mama?"

"Kununua?" Mama alicheka. "Za shambani kwangu, mwanangu. Mshare wa kwangu mwenyewe. Na hayo maziwa ni ya asubuhi hii, amekamua huyu."

"Una ng'ombe?"

"Mmoja tu. Lakini maziwa yake mazito, wewe onja."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza mguu, akadhani ninakosa nafasi.

"Na huyu kijana ana kazi?"

"Huyu amesoma," mama akasema, na mgongo ukamnyooka licha ya lile tumbo. "Kafika kidato cha nne. Anajua Kiingereza chote."

Nimewahi kusifiwa mara chache maishani, na kila mara imenitokea puani. Dada wa ustawi aliweka kalamu chini. Hakuwa mkali, angekuwa mkali ningemwelewa. Alisema msamaha ni wa watu ambao hawana kitu kabisa, na nyuma yetu wapo wengi. Mtu mwenye shamba, ng'ombe na kijana aliyesoma, yeye akimwandikia kwamba hajiwezi, wakubwa wake watamuuliza yeye ana macho au hana. Kama tunaona kweli hatuwezi, basi kamati ya kijiji ije itutembelee nyumbani, ithibitishe, ndipo turudi. "Na mshare siwezi kupokea, mama," akamalizia. "Mrudi nao."

"Ndizi iliyotoka nyumbani hairudi," mama akasema polepole. Kwetu ndiyo hivyo. Zawadi iliyorudi huingia ndani na mkosi. Akatoka akiwa ameinama. Nje akaniamuru niuweke mkungu kwenye benchi, mapajani mwa yule mzee peku, na galoni miguuni pake.

"Jamani," mzee akasema, akiangalia mlango. "Sasa wakiniita nikiwa na hizi?"

Tulimwacha anahangaika kuusukuma mkungu chini ya benchi kwa visigino. Baada ya hapo sikucheka tena kwa muda mrefu kidogo.

Maana mama aliacha utani. Aliacha kusema mtoto anampiga kiwiko. Usiku, kupitia ukuta wa mbao, nilimsikia akigeuka kwa vituo, kama anayehamisha gunia. Shangazi alikuja na chai ya tangawizi na hakunitania hata mara moja, jambo ambalo lilinitisha kuliko maneno ya daktari.

Kamati ikasema itakuja Jumamosi. Nikajipanga. Nilikuwa nimejifunza, nikajiona mjanja. Nilimwambia mama asifagie uwanja tangu Alhamisi. Majani ya migomba yaliyokauka niliyaacha yaning'inie. Ng'ombe sikuweza kumficha, lakini nilimpeleka nyuma ya banda la shangazi, na nikaondoa ukutani picha yangu ya mahafali. Jumamosi asubuhi nikaenda kukata majani, na niliporudi na mzigo kichwani nikakuta uwanja umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio inang'aa kama suruali iliyopigwa pasi. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, anahema, ameshikilia tumbo kwa mkono mmoja na ufagio kwa mwingine. Ndani, vikombe vya shangazi vimepangwa mezani. Jikoni, loshoro, chakula chetu cha maziwa, inatokota, na nilijua maziwa yametoka wapi.

"Mama, tulisemaje?"

"Watu wazima wanakuja nyumbani kwangu," akasema, "wakute takataka? Waseme huyu mama ni mgonjwa au ni mchawi?"

"Waseme ni maskini. Ndicho tunachotaka."

"Maskini hafagii?"

Picha yangu ya mahafali ilikuwa imerudi ukutani.

Alikuja mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Mwenyekiti alikula loshoro bakuli la kwanza, akaongezwa, akala. Akafuta midomo, akatazama uwanja, migomba, vikombe.

"Mama," akasema, "hapa pana neema."

"Tunamshukuru Mungu," mama akajibu kwa furaha ya mwenyeji, na mimi nikahisi roho inanishuka hadi kwenye soksi.

Mwenyekiti alijikohoza. Alisema anajua mama anaumwa, anaona kwa macho. Shida yake ni moja. Kwetu maskini ni mtu asiye na watu. Mtu aliyeokotwa, asiye na kihamba cha urithi, asiye na ukoo. Huyu mama kaolewa katika ukoo mkubwa, wenye wazee wa kanisa na mwalimu mkuu mstaafu. Yeye mwenyekiti akigonga muhuri kwamba mama wa ukoo huo hajiwezi, kesho ukoo mzima utamjia na bakora: umetutukana, umesema tumemtupa mtu wetu.

Wajumbe wakaitikia.

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nimekaa nahesabu ng'ombe na vikombe, kumbe hesabu ilikuwa ya watu. Nikamtazama mama. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Nilijua angenyamaza, angewasindikiza mpaka mferejini, angewafungia na ndizi za watoto, kisha angerudi alale kitandani na kusubiri lile tumbo liamue lenyewe.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuangalia vikombe vyake.

"Mwenyekiti," akasema, "ukoo wenyewe ndio mimi. Wa mbali usiwaogope, anza na mimi wa karibu."

"Ndiyo, mama."

"Huyo mwalimu mkuu mstaafu, pensheni yake unaijua. Amekuja kwangu juzi kuomba majani ya chai. Mzee wa kanisa kang'oa mibuni ya baba yake kapanda nyanya, na nyanya zimeungua na baridi. Mimi hapa nina vikombe, unavinywea. Nikuulize, na usinijibu kama mwenyekiti, nijibu kama jirani. Mkeo akiambiwa leo apasuliwe, wewe unayo?"

Mwenyekiti alitazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama huko.

"Sina," akasema.

"Basi andika. Na huo ukoo ukija na bakora, waambie waje kwanza hapa kwangu, waje na walichonacho. Tukiona wanatosha kumlipia, utaufuta muhuri wako."

Hakuna aliyeitikia. Mwenyekiti akatoa muhuri kwenye mfuko wa koti, akaupulizia pumzi, akagonga. Mama hakutazama. Alikuwa ameinamisha uso, na mimi, mjinga, nilidhani anashukuru. Baadaye alipokuwa anaosha vikombe alisema, si kwangu, kwa maji yale, "Leo nimesemewa kwamba sina."

Safari ya pili tulienda mikono mitupu. Sijui kama nimewahi kuona kitu kigumu kama kile. Mama alivaa kanga ya shambani kwa amri ya shangazi, na njia nzima hakujua mikono aiweke wapi. Aliifunga kifuani, akaifungua. Aliishika nyuma kama mwalimu wa zamu. Pale ambapo njia inakutana na barabara aliinama kwa shida, akaokota kijiti, akatembea nacho mpaka kwenye ngazi za hospitali, akakitupa. Ndani ya ofisi dada wa ustawi alisoma barua ya kamati, akatutazama, akasoma tena. Hakuuliza habari ya ng'ombe. Mama naye hakuuliza habari za nyumbani kwao. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa kosa. Tukapewa msamaha.

Wakati wa upasuaji nilirudishwa nyumbani kulisha ng'ombe, na mimi mtu wa nyumbani nikagundua kwamba sikuwa nikiipenda nyumba, nilikuwa nikimpenda aliyekuwa ndani yake. Niliunguza maharage. Nilifagia uwanja kila asubuhi, hata pasipo na jani, na nilipomaliza nilikuwa nausikiliza mlima. Kila mtu aliyepanda njia nilimtazama usoni kabla hajasalimia, nione kama amebeba habari. Shangazi alinikuta nimekaa na ufagio mapajani. "Ushike vizuri," akasema. "Ukiudondosha utaniamshia kuku." Nikajua kwamba naye ameogopa, ila hofu imeanza kumtoka.

Uvimbe ulitoka. Mama alisema alionyeshwa, ukubwa wa kichwa cha kabichi, na kwamba kwa kweli ulifanana na mimi. Kipande kilipelekwa kupimwa, kikaonekana si kibaya, lakini daktari alisema mambo hayo huwa yanarudi, kwa hiyo mama awe anaitwa kila baada ya muda aangaliwe. Na nesi yule yule akanivuta pembeni tena: msamaha ni wa safari moja. Kila akiitwa, mtaanza upya. Kuonwa kwa kamati, kurudi ofisini, kuthibitika.

Hapo ndipo ilipoanza hofu yangu ya pili, na hii haikuwa ya ugonjwa. Mama alipata nguvu, akarudi shambani, migomba ikamtii kama zamani, na kila mkungu uliotokeza niliutazama kama shahidi wa upande wa pili. Shangazi alipotaka kutuzawadia mbuzi nilimkatalia. Halafu ng'ombe akazaa. Ndama jike, mwenye doa jeupe usoni. Nilifurahi kwa pumzi moja. Ya pili nikamwona mwenyekiti amesimama uwanjani anasema hapa pana neema.

Mama hakuwa na habari hizo. Alikuwa na deni lake moja, la kuingia kwa mtoto wa watu bila kitu. Akakata mshare. Na maziwa ya kwanza ya ng'ombe, ile dang'a nzito ya njano ambayo kwetu haiuzwi, hupewa majirani, akaijaza kwenye kibuyu.

"Mpelekee yule binti."

"Mama, akiona dang'a atajua ng'ombe amezaa."

"Sasa ng'ombe azae kwa siri?"

Nikaenda. Nilimkuta dada wa ustawi peke yake. Alinitambua kabla sijasema jina, au pengine aliutambua mkungu. Nikasema mama ameshukuru. Alitazama nje, kisha akanionyesha kwa kidevu. "Weka nyuma ya mlango." Nyuma ya mlango palikuwa na mikungu mingine miwili, mayai kwenye kikapu, na kuku amefungwa miguu, amejikalia kimya kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Walioleta hivi wote ni wa msamaha?" niliuliza.

"Wote. Niliowakatalia wanaleta kabla, niliowakubalia wanaleta baada. Na sisi hapa tunaambiwa tutapunguzwa kazini, sijui nitampelekea nani kuku." Akakinusa kibuyu. "Ng'ombe amezaa?"

Nilisimama pale na elimu yangu yote. Nikatazama kalenda ya mwaka uliopita.

"Sijauliza," akasema. "Lakini safari ijayo, mama asije na kitu."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa uwanjani, ndama ananyonya kidole chake.

"Alipokea?"

"Alipokea."

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama ng'ombe amezaa."

"Ukamwambia ni jike?"

"Nilinyamaza."

Mama aliacha kucheza na ndama. Alinitazama vile alivyonitazama nilipoleta matokeo ya kidato cha nne.

"Mtu anakuuliza habari za ng'ombe wako," akasema, "na wewe unamnyamazia. Nimekulea wapi mimi? Safari ijayo tutaenda wote. Nitamjibu mwenyewe."